Nani Alindaye Mfuko wa Umma?

Msiba ukitokea kijijini, hata kabla kaburi halijachimbwa daftari huwa limekwisha funguliwa. Mzee mmoja hukaa chini ya mwembe na kupokea michango. Kijana ajuaye kuandika huandika jina la kila mtu na kiasi alichotoa. Mtu wa tatu ndiye apelekwaye sokoni kununua mchele na sukari. Siku ya kuanua matanga daftari husomwa mbele ya watu wote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hakuna aliyewafundisha wazee wetu desturi hiyo darasani. Waliona tu ya kuwa mpokeaji, mwandishi na mnunuzi wakiwa mtu mmoja, basi hata akiwa mwaminifu namna gani, maneno hayakosi kuzuka. Na asipokuwa mwaminifu, mfiwa huachiwa deni juu ya huzuni yake.

Leo twapenda kusoma pamoja na wasomaji wetu, wazazi na vijana, jinsi linavyoshikwa daftari lililo kubwa kuliko yote nchini, yaani daftari la Jamhuri. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, magazeti hujaa habari za taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Watu husoma vichwa vya habari, husikitika, kisha huendelea na shughuli zao. Wengi hudhani Mkaguzi ni polisi wa fedha, na wengine hudhani Benki Kuu ni sanduku ambamo waziri hutia mkono apendapo. Yote mawili si kweli. Na mtu asiyejua kazi ya mlinzi hawezi kutambua ni lini mlinzi amesinzia, wala ni lini amefungwa mikono.

Tuanze na Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 135 yaagiza kwamba fedha zote za Serikali ya Muungano, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria kwa kazi maalumu, ziwekwe katika mfuko mmoja uitwao Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Ibara ya 136 yakataza fedha kutoka katika Mfuko huo isipokuwa kwa idhini ya Katiba yenyewe au ya sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 138 yasema kodi yo yote haitatozwa ila kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo mtu akija na kitabu cha stakabadhi akakudai ushuru, unayo haki ya kumwuliza kwa adabu ni sheria gani imtumayo.

Yule Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutajwa katika ibara ya 143, na jina lake refu si la mapambo. Ni kazi mbili. Kama Mdhibiti, yeye husimama mlangoni kabla fedha hazijatoka: hutazama kama matumizi yale yameidhinishwa, na akiridhika ndipo huidhinisha zitolewe katika Mfuko Mkuu. Kama Mkaguzi, huja nyuma baada ya fedha kutumika, naye hutazama vitabu angalau mara moja kila mwaka: vitabu vya Serikali, vya Mahakama, hata vya ofisi ya Bunge. Katiba yampa haki ya kuona kila kitabu na kila hati ihusuyo hesabu hizo. Tena yasema wazi kwamba katika kazi yake halazimiki kufuata amri ya mtu ye yote wala ya idara yo yote ya Serikali. Ni mahakama tu iwezayo kuchunguza kama ametenda kwa kufuata sheria.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mwezi wa Juni Waziri wa Fedha huwasomea Wabunge, huko Dodoma, makadirio ya mapato na matumizi, na Bunge huyajadili na kuyapitisha. Fedha hugawanywa katika mafungu, na kila fungu hupewa mtu mmoja wa kuliwajibikia, aitwaye Afisa Masuuli. Wizarani kwa kawaida ni Katibu Mkuu. Katika wilaya ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Jina hilo, masuuli, maana yake ni mtu wa kuulizwa. Fedha za dawa zikinunua viti vya ofisi, swali halimwendei karani aliyeandika hundi, lamwendea yeye.

Hapa pana jambo ambalo hatuna budi kulitaja, ingawa wengi hulipita. Ibara ya 90 yampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Mbunge anyoshaye mkono kusema hapana ajua ya kuwa hapana yake, ikiungwa mkono na wengi, yaweza kumrudisha jimboni kuomba kura upya. Ndiyo sababu nguvu ya Bunge juu ya fedha haionekani sana mwezi wa Juni, bali huonekana baadaye, hesabu zirudipo.

Na hesabu hurudi hivi. Miezi mitatu baada ya mwaka kuisha, yaani mpaka tarehe 30 Septemba, kila Afisa Masuuli hana budi kumpelekea Mkaguzi hesabu zake. Mkaguzi hupewa muda mpaka tarehe 31 Machi kumkabidhi Rais taarifa. Rais naye sharti aagize taarifa hiyo iwekwe mezani Bungeni, kabla hazijapita siku saba tangu siku ya kwanza ya mkutano wa Bunge unaofuata. Watunga Katiba waliwaza pia juu ya taarifa kusahauliwa kabatini: Rais asipochukua hatua hiyo, Mkaguzi huipeleka mwenyewe kwa Spika, naye Spika huiwasilisha Bungeni.

Katika taarifa hiyo kila ofisi hupewa hati. Iko hati inayoridhisha, ambayo watu huiita hati safi. Iko hati yenye shaka. Iko hati isiyoridhisha. Na mwisho kabisa iko hali ambayo Mkaguzi hushindwa kutoa maoni yo yote, kwa sababu vitabu havikuonekana au vilikuwa vimevurugika mno. Halmashauri ikipata hati safi, mara nyingi huwa na shangwe, na viongozi wake huitaja hadharani kama mzazi atajavyo daraja la kwanza la mwanawe. Shangwe si vibaya. Lakini twawasihi wasomaji wetu waelewe hati hiyo yasema nini. Yasema kwamba hesabu zimeandikwa kwa kufuata kanuni, na kwamba hazina kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Haisemi kwamba hapana aliyeiba, wala haisemi kwamba kilichonunuliwa kilistahili bei yake.

Tuchukue mfano. Zahanati yajengwa kwa bei mara mbili ya ile iliyopasa. Zabuni ilitangazwa, wajumbe walitia sahihi, stakabadhi zote zimo jaladani, na fedha zilizolipwa ni zile zile zilizoandikwa. Hesabu za mwaka zaweza kupata hati safi, na mama mjamzito aweza kufika pale akute jengo zuri lisilo na kitanda. Kwa ajili ya mambo ya namna hiyo Mkaguzi hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, ambao huuliza kama wananchi walipata faida kwa fedha zao. Taarifa hizo hazina hati za kushangilia, na labda ndiyo maana husomwa na wachache. Kwa maoni yetu ndizo zenye manufaa makubwa zaidi kwa mtu wa kawaida, na zimo mikononi mwa ye yote atakaye kuzitafuta, kwa kuwa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi huzitoa hadharani, nyingine kwa Kiswahili.

Mkaguzi akimaliza, hawezi kumkamata mtu. Hana mahabusu. Kazi yake ni kusema, na neno lake hupokewa na kamati mbili za Bunge: Kamati ya Hesabu za Serikali, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Hizo huwaita Maafisa Masuuli mmoja mmoja na kuwauliza maswali. Tuliyorithi katika mabunge ya Jumuiya ya Madola ni desturi ya kumkabidhi Mbunge wa upinzani kiti cha mwenyekiti wa kamati ya hesabu, nayo ina maana ile ile ya daftari la msiba: anayekagua asiwe wa nyumba moja na aliyetumia. Mahali ambapo wapinzani ni wachache mno Bungeni, desturi hiyo hubaki na jina lake tu.

Kamati hizo zikifanya kazi, matunda huonekana. Mwezi wa Aprili 2012 taarifa za Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, Bwana Ludovick Utouh, zilijadiliwa Bungeni kwa ukali ambao haukuwa umezoeleka. Wabunge wa pande zote walidai mawaziri wawajibike, na sahihi zikakusanywa za kutaka kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mwezi wa Mei Rais Kikwete alilipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita wakaachwa nje, mmoja wao Waziri wa Fedha mwenyewe. Hapana aliyevunja sheria ili jambo hilo litokee. Taarifa ilisomwa, na waliosoma wakauliza.

Miaka saba baadaye tuliona upande wa pili. Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu tangu mwaka 2014, aliulizwa katika mahojiano ya redio huko New York kwa nini mengi anayoyaandika hayafuatiwi na hatua. Alijibu kwamba hilo, kwa maoni yake, ni udhaifu wa Bunge. Spika alimwita mbele ya kamati ya maadili mwezi wa Januari 2019, na mwezi wa Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule kipindi chake cha miaka mitano kilipomalizika, Rais alimteua mtu mwingine. Wako walioona ni haki, kwa kuwa Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 ilitaja miaka mitano. Wako waliosema Katiba haikutaja miaka mitano, bali umri wa kustaafu, tena yataka tume yenye majaji ichunguze kwanza kabla Mkaguzi hajaondolewa. Shauri lilifika Mahakama Kuu, nayo mwezi wa Desemba 2022 ilitamka kwamba kifungu kile cha sheria chapingana na Katiba.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu si kwa kutaka kufukua ugomvi uliopita. Mtu aweza kusema Profesa alikosa busara katika kuchagua neno. Hilo na tulijadili. Lakini neno moja lisilopendeza halikupasa kuwa sababu ya Bunge kumfungia mlango mtu pekee aliletealo hesabu za nchi nzima. Mwenye nyumba hamfukuzi mlinzi usiku kwa kuwa alibweka mbwa wake.

Kufikia hapa tumesema juu ya fedha za Serikali. Ziko pia fedha zetu sisi wenyewe, tulizoziweka benki au katika chama, nazo zina walinzi wao. Mkubwa wao ni Benki Kuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na kufunguliwa mwezi wa Juni 1966, Bwana Edwin Mtei akiwa Gavana wa kwanza. Kabla ya hapo shilingi ya nchi tatu za Afrika Mashariki ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919. Benki Kuu huchapisha noti, hushughulikia thamani ya shilingi, hutunza akaunti za Serikali, na hutoa au kufuta leseni za mabenki. Serikali ikipungukiwa yaweza kukopa kwake kwa muda, lakini sheria imeweka kikomo. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa uchoyo. Noti zikichapwa ili kulipa madeni, bei ya unga hupanda, na kupanda huko ni kodi ambayo Bunge halikuipitisha.

Mlinzi huyu naye alipata kuingiliwa. Katika miaka ambayo nchi ilikosa fedha za kigeni, wafanyabiashara waliagiza bidhaa nje na kulipa shilingi zao hapa, lakini wauzaji wa ng'ambo hawakulipwa kwa kuwa dola hazikuwapo. Madeni hayo yalikusanywa katika akaunti ya malipo ya nje, iliyojulikana kwa kifupi kama EPA, ndani ya Benki Kuu. Madeni ya zamani yaliweza kuuzwa kutoka mtu hadi mtu, na hapo ndipo hati za kughushi zilipopenya. Uchunguzi uliofanywa na wakaguzi wa nje ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 makampuni 22 yalilipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 isivyo halali. Mwezi wa Januari 2008 Rais alitengua uteuzi wa Gavana. Sehemu ya fedha ikarudishwa, na baadhi ya wafanyabiashara wakahukumiwa kifungo. Ajuaye kwamba hata Benki Kuu hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu ataelewa kwa nini uhuru wa Mkaguzi si shauri la wasomi peke yao.

Kazi nyingine ya Benki Kuu huwagusa wakulima na wajane moja kwa moja. Tarehe 4 Januari 2018 ilifuta leseni za mabenki matano ambayo mitaji yake ilikuwa imepungua chini ya kiwango cha sheria. Miongoni mwao zilikuwamo benki za wananchi za Njombe na Meru, na benki ya wakulima ya Kagera. Watu walifika asubuhi wakakuta milango imefungwa. Wengi walilaumu Benki Kuu kwa kufunga. Sisi twaona swali lililo bora zaidi ni kwa nini wenye amana hawakupata dalili mapema zaidi, maana mtaji hauishi kwa usiku mmoja.

Kwa maafa ya namna hiyo iko Bodi ya Bima ya Amana, iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo mabenki huichangia. Siku zile fidia yake haikuzidi shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana mmoja. Mkulima aliyekuwa na milioni nne za kahawa yake alikuwa na haki ya kulipwa milioni moja na nusu kwanza, na zilizobaki zingoje mali ya benki iuzwe na madeni yakusanywe. Kuanzia mwaka 2023 kiwango kimepandishwa kufikia shilingi 7,500,000. Familia iliyouza shamba au kupokea mafao ya marehemu inafaa ikijue kiwango hicho kabla ya kuweka fedha zote mahali pamoja.

Lakini bima hiyo ni ya mabenki tu. Haifiki kwenye vikoba, wala kwa yule mkopeshaji wa mtaani ambaye mikopo yake akina mama wameipa jina la kutisha la kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imejaribu kuwaweka wote hao chini ya macho: wakopeshaji hupewa leseni na Benki Kuu, vyama vya akiba na mikopo husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii huandikishwa katika halmashauri. Mkopeshaji akikataa kukuonyesha leseni, au akakataa kukuachia nakala ya mkataba, mwache. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni yo yote.

Ubaya zaidi ni upatu uliovaa nguo za biashara. Wengi wakumbuka DECI ya mwaka 2009: watu walipanda kile kilichoitwa mbegu, wakaahidiwa kuvuna maradufu, na wa kwanza walivuna kweli, kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Serikali ilipousimamisha, viongozi wake wakapelekwa mahakamani. Waliopanda mwisho walikuwa wengi kuliko wote, kama ilivyo katika kila mchezo wa namna hiyo, na baadhi yao waliichukia Serikali badala ya waliowadanganya. Wapo pia Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kwa mambo ya hisa, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Zanzibar ina Hazina yake na Mkaguzi wake, ingawa Benki Kuu ni moja kwa pande zote mbili za Muungano.

Msomaji wa kijijini ataona Dodoma ni mbali. Basi aanze na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni mojawapo ya mambo yapasayo kusomwa pale. Kila mkazi mwenye umri wa miaka kumi na minane ni mjumbe. Ahudhurie, na taarifa isiposomwa, ainuke aiombe. Ikisomwa, aulize ni nani aliyepokea, ni nani aliyenunua, na stakabadhi ziko wapi. Kisha aombe ibandikwe kwenye ubao wa ofisi, ili hata aliyekuwa shambani siku ile apate kuisoma.